Kusoma Faili la Mgonjwa Mbele ya Sheria: Kazi ya Muuguzi Mshauri wa Mashauri

Neno "rufaa" lina kazi mbili katika mji wa Tanga. Mjamzito aliyewashinda wahudumu wa zahanati huko Pangani au Mkinga hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bombo, na mtu asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Wilaya hukata rufaa kwenda Mahakama Kuu, Kanda ya Tanga. Neno "kesi" nalo, kwa muuguzi wa zamu ya usiku, ni mgonjwa aliyeletwa na bajaji watu wakiwa wamelala, ilhali kwa karani wa mahakama ni jalada lenye namba na mwaka. Hospitali na mahakama zinatumia msamiati mmoja kwa maana zisizokutana. Mgonjwa anayedhani kwamba ameumizwa na matibabu hujikuta amebeba karatasi za upande mmoja kuzipeleka kwa watu wa upande wa pili, ambao hawawezi kuzisoma.

Makala hii inaeleza kazi ya muuguzi anayezisoma karatasi hizo kwa ajili ya wakili, kampuni ya bima, mwajiri au hospitali yenyewe, pamoja na namna ya kuifanya kazi hiyo iwe biashara inayomlisha mtu bila kumharibia jina. Mambo hayo mawili huelezwa mbalimbali, ufundi kwanza na biashara baadaye, lakini kwa maoni yangu hayatengani. Karibu kila kanuni ya biashara hii, kuanzia bei hadi mkataba, inatokana na swali moja: je, usomaji wako wa faili ungebaki vilevile endapo aliyekulipa angekuwa mtu wa upande wa pili?

Jina linalopotosha

Kazi hii ilipata jina na chama chake Marekani, ambako American Association of Legal Nurse Consultants ilianzishwa mwaka 1989. Huko ipo hati ya umahiri inayotolewa kwa mtihani, na mtahiniwa anatakiwa awe na miaka mitano ya kazi ya uuguzi pamoja na saa 2,000 za kazi hii ya ushauri ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Kwetu Tanzania hakuna leseni ya pekee ya kazi hii. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtambua muuguzi na mkunga aliyesajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na leseni hiyo, ikiwa hai, ndiyo mahali pa kusimamia. Muuguzi aliyeacha kuihuisha kwa kuwa hashiki tena sindano amejidhoofisha mwenyewe, kwa sababu hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wakili wa upande wa pili atamuuliza.

Tafsiri ya haraka ya jina la kazi hii, yaani "muuguzi mshauri wa sheria", inampotosha msikilizaji. Anaelewa kwamba muuguzi huyu anatoa ushauri wa sheria, na hilo ndilo jambo asiloruhusiwa kulifanya. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza mtu asiye wakili kujifanya wakili, na watu wa namna hiyo mtaani wana jina lao, vishoka. Wala muuguzi huyu si msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambaye huwahudumia wananchi bila malipo. Mimi hupendelea kumwita muuguzi mshauri wa mashauri, kwa maana anatoa ushauri wa kiuguzi ndani ya shauri ambalo mbebaji wake ni wakili. Mipaka ya kazi inakuwa ndani ya jina, na mteja haanzi kwa kutarajia asichoweza kupewa.

Karatasi, saa na usiku wa Ijumaa

Mgonjwa mmoja wa uzazi anaweza kuwa na kadi ya kliniki, barua ya rufaa, patografu (karatasi ya kufuatilia mwendo wa uchungu), karatasi ya dawa, chati ya majimaji, fomu ya ridhaa ya upasuaji, mstari wake katika kitabu cha MTUHA namba 12, kinachoandikisha wanaojifungua, na maelezo yaliyopigwa kwenye kompyuta katika vituo vinavyotumia mfumo wa GoTHOMIS. Sehemu kubwa ya hayo imeandikwa kwa Kiingereza cha vifupisho, kwa mwandiko wa mtu aliyesimama tangu asubuhi. Wakati huohuo, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, ingawa Kiingereza kinaruhusiwa pale haki inapohitaji. Mshauri kwa hiyo hutafsiri mara mbili: anakunjua vifupisho viwe maelezo, kisha anayaweka maelezo hayo katika Kiswahili ambacho hakimu, mdaiwa na mzee wa familia watakielewa kwa namna moja.

Kabla ya maoni yoyote huandaliwa jedwali la matukio, lenye tarehe, saa, jambo lililofanyika, aliyelifanya na ukurasa ambapo jambo hilo limeandikwa. Jedwali hili ndilo moyo wa kazi yote, na hapa pwani lina mitego ambayo haimo katika mafunzo ya Marekani. Karatasi za hospitali hufuata saa ya Kizungu, mara nyingi kwa mtindo wa saa ishirini na nne, ilhali familia inasimulia kwa saa ya Kiswahili. Shangazi anaposema daktari alifika saa nane usiku, anasema jambo ambalo faili limeliandika 02:00. Niliwahi kukuta maelezo ya shahidi, yaliyokwisha kusainiwa, ambamo mwandishi alikuwa ameandika 08:00. Faili lilionyesha kuwa daktari aliitwa saa 01:30, hivyo daktari aliyefika baada ya nusu saa alionekana amefika baada ya saa sita na nusu.

Siku nazo zina hesabu zake. Mzee wa Ngamiani akisema "usiku wa Ijumaa" anaweza kuwa anazungumzia usiku unaoitangulia Ijumaa ya mchana, kwa hesabu ya Kiislamu ambamo siku huanza jua linapotua, na kijana aliyekaa naye baraza moja akitumia maneno hayohayo akamaanisha usiku unaofuata. Dawa ya hili ni kumuuliza msimulizi tukio la jirani: je, ilikuwa kabla au baada ya swala ya Ijumaa? Jibu lake linaandikwa kwenye jedwali pamoja na swali lenyewe, ili atakayesoma ajue tarehe imepatikanaje.

Patografu moja, maswali manne

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa mimba ya kwanza anapokelewa saa mbili asubuhi, mlango wa kizazi umefunguka sentimita 4. Kwa patografu ya Shirika la Afya Duniani iliyozoeleka wodini, mstari wa tahadhari unaanzia hapo na kupanda sentimita moja kila saa, na mstari wa kuchukua hatua upo umbali wa saa nne kulia kwake. Saa sita mchana amefikia sentimita 6, kwa hiyo amekwisha kuuvuka mstari wa tahadhari. Saa kumi jioni amefikia sentimita 7, na sasa ameuvuka hata mstari wa pili, ambao kwa sentimita hizo ulikuwa saa tisa. Mapigo ya moyo wa mtoto, yanayotakiwa kupimwa kila nusu saa, yameandikwa hadi saa saba mchana, kisha hakuna alama yoyote mpaka saa tisa na nusu. Katika mstari wa maji ya uzazi herufi imebadilika kutoka C, maji yaliyo safi, kuwa M, maji yenye kinyesi cha mtoto. Mtoto alizaliwa kwa upasuaji usiku, na sasa ana miaka miwili na hajaweza kukaa.

Wakili anayeitazama karatasi hiyo kwa mara ya kwanza anaona nukta na misalaba. Muuguzi aliyewahi kuijaza anaona vipimo vinne vilivyotakiwa kuwepo na havipo, cha saa saba na nusu, cha saa nane, cha saa nane na nusu na cha saa tisa, na anaona kwamba uamuzi uliotakiwa kufanywa kabla ya saa kumi haukuandikwa popote. Hata hivyo kuona hivyo hakujathibitisha uzembe. Sheria ya madhara tuliyoirithi kutoka Uingereza inamtaka mdai aonyeshe mambo manne: kwamba mhudumu alikuwa na wajibu wa kumwangalia mgonjwa, kwamba alishuka chini ya kiwango, kwamba kushuka huko ndiko kulikoleta madhara, na kwamba madhara yana hasara inayoweza kulipwa. Jambo la kwanza ni jepesi, kwa kuwa wajibu unaanza mgonjwa anapopokelewa, na la nne ni hesabu za wakili zaidi. Muuguzi anafanya kazi yake katikati.

Kuhusu kiwango, kipimo kinachorejewa mara nyingi ni kile cha shauri la Bolam la Uingereza la mwaka 1957: mtaalamu hahesabiwi kuwa mzembe ikiwa alifuata utaratibu unaokubaliwa na kundi la wataalamu wenye kuwajibika katika fani yake. Hukumu za Uingereza zilizotolewa baada ya tarehe 22 Julai 1920, tarehe ya kupokewa kwa sheria za Uingereza hapa kwetu, hazizilazimishi mahakama zetu, lakini zina nguvu ya kushawishi. Maana yake kwa mshauri ni kwamba haitoshi kuandika "mimi ningefanya vinginevyo". Inabidi aonyeshe mwongozo uliokuwa ukitumika mwaka huo, wa Wizara ya Afya au wa kituo chenyewe. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi mpya ya kufuatilia uchungu, ambamo hatua hai ya uchungu huhesabiwa kuanzia sentimita 5 badala ya 4, na mshauri anayempima mkunga wa mwaka 2017 kwa karatasi ya mwaka 2020 amemdhulumu mkunga na amempa wakili wake kitu kitakachobomoka.

Halafu kuna ule usemi tuliofundishwa sote chuoni, kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Ni usemi mzuri wa kumfundishia mwanafunzi ashike kalamu, lakini ukichukuliwa kuwa kanuni ya ushahidi unapotosha. Mkunga mmoja mwenye akina mama sita katika uchungu anaweza kuwa alisikiliza moyo wa mtoto na asiandike, na anaweza pia kuwa hakusikiliza kabisa. Faili haliwezi kutofautisha hali hizo mbili. Linachoonyesha ni pengo linalodai maelezo, na mshauri mwaminifu anaandika hivyo hivyo: vipimo vinne havikuandikwa, ukurasa fulani, na maswali yafuatayo yaulizwe kwa waliokuwa zamu. Pia anaangalia kama daftari la zamu au kitabu cha chumba cha upasuaji kina jibu, maana mara nyingi pengo la karatasi moja limezibwa katika karatasi nyingine ambayo hakuna aliyeomba nakala yake.

Uhusiano wa chanzo na madhara ni mgumu kuliko yote, na ndipo mashauri mengi yanapokwama. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa aliupata kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, lakini kuzaliwa njiti, maambukizi akiwa tumboni, manjano kali au uti wa mgongo katika miezi ya mwanzo navyo huleta hali hiyo. Kwa hiyo muuguzi anatafuta alama za Apgar, zinazopima hali ya mtoto mara anapozaliwa, za dakika ya kwanza na ya tano, anatafuta kama mtoto alipata degedege katika siku za mwanzo, na anasoma kadi ya kliniki ya mtoto mpaka ukurasa wa mwisho. Akimaliza hatoi hukumu kuhusu chanzo. Anamwambia wakili kwamba hapa panahitajika daktari bingwa wa watoto, na anampa maswali ya kumuuliza bingwa huyo.

Aliye nyuma ya pazia na aliye kizimbani

Mshauri na shahidi mtaalamu ni watu wawili, hata kama wote ni wauguzi. Mshauri humsaidia wakili kuelewa faili, kuona upungufu wake na kupanga maswali, na jina lake linaweza lisitajwe mahakamani hata mara moja. Shahidi mtaalamu hutoa maoni mbele ya mahakama chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, na maoni yake, sifa zake na malipo yake vyote ni halali kuhojiwa. Ni busara kuamua tangu siku ya kwanza utakuwa yupi katika shauri lile, kwa sababu mtu aliyekaa na wakili miezi mitatu akipanga mbinu za kushinda atapata shida kueleza kizimbani kwamba hana upande.

Kuna mpaka mwingine wa fani. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Illinois, katika shauri la Sullivan dhidi ya Edward Hospital la mwaka 2004, ilikataa daktari atoe ushahidi kuhusu kiwango cha kazi ya uuguzi, kwa hoja kwamba uuguzi ni taaluma yenye kiwango chake na mwenye kukieleza ni muuguzi. Uamuzi huo ni wa Marekani na hauna nguvu hapa, lakini hoja yake inafaa kubebwa, pamoja na upande wake wa pili: muuguzi asijifanye kipimo cha daktari wa upasuaji.

Muda nao una sheria yake. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya madhara yana ukomo wa miaka mitatu na madai ya mkataba miaka sita, na mtoto ana hesabu yake. Zahanati au hospitali ikiwa ya serikali au ya halmashauri, mdai hutakiwa kwanza kutoa ilani ya siku 90, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Kuzihesabu siku hizo ni kazi ya wakili. Muuguzi anapaswa kuzijua kwa sababu moja tu, kwamba akipokea faili la tukio la miaka miwili na miezi minane iliyopita, asiahidi ripoti ya wiki sita.

Kazi zilizopo Tanga

Anayedhani kwamba kazi hii ni ya uzembe wa kitabibu peke yake atakaa ofisini akipiga miayo. Tanga ina mashamba ya mkonge, viwanda vya saruji, bandari na bodaboda wasiohesabika. Mfanyakazi aliyepoteza vidole kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, ana madai katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaosimamiwa na sheria ya mwaka 2008, na kiwango cha ulemavu wake kinahitaji faili lililopangwa vizuri kabla halijafika mbele ya daktari wa tathmini. Abiria aliyevunjika paja barabara ya Segera ana fomu namba tatu ya polisi, picha za mionzi na risiti, na kampuni ya bima ya gari inataka kujua ni matibabu yapi yanatokana na ajali ile na yapi ni ya kisukari alichokuwa nacho tangu zamani. Katika mirathi hutokea wanandugu wakabishana kama marehemu alikuwa na akili timamu siku aliyotia dole gumba kwenye wosia, na karatasi ya dawa za wiki ile inaweza kuonyesha alikuwa amepewa dawa gani na saa ngapi. Hospitali binafsi nazo huweza kumwita mshauri kabla ya ugomvi wowote, azisome kumbukumbu zao kama adui angezisoma.

Biashara ndani ya mji mdogo

Ugumu wa kwanza wa biashara hii Tanga ni kujuana, na nauweka mbele ya fedha. Wengi wetu tulisoma pamoja, tulipangwa zamu pamoja, na tumekula pilau za arusi za wenzetu. Kwa hiyo kabla ya kufungua faili lolote nauliza mambo matatu tu: jina la mgonjwa, jina la kituo, na majina ya wahudumu yaliyotajwa. Nayalinganisha na daftari langu la majina, ambalo lina kila mahali nilipofanya kazi na kila shauri nililowahi kulisoma. Likitokea jina la mtu niliyeshika naye zamu, au la ndugu, nalikataa shauri kabla sijasoma ukurasa hata mmoja, maana nikishasoma nimebeba siri ambayo siwezi kuitua. Muuguzi ambaye bado ameajiriwa asiguse kabisa shauri linalomhusu mwajiri wake, na kwa mashauri mengine aombe kibali kwa maandishi. Anayeingia kwenye kompyuta ya wodi usiku ili amtafutie wakili faili la mgonjwa asiyemhudumia amevunja maadili ya taaluma, na amegusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti.

Ugumu wa pili ni kumjua mteja. Watu wa mtaa watakuja nyumbani, kwa sababu wanakufahamu kama nesi. "Shikamoo, bi mkubwa. Wewe umekaa wodini miaka, hebu tuambie tu kama hapa tuna kesi." Jibu langu ni moja: "Marahaba, baba. Karatasi inasema nini, hilo nitakueleza. Kama ni kesi, atakuambia wakili." Kwa kawaida kazi ya malipo huipokea kwa wakili au taasisi, kwa barua yenye swali lililoandikwa. Barua isiyo na swali, inayosema "naomba upitie faili hili", huirudisha kwa adabu, kwa kuwa kupitia bila swali hakuna mwisho, na kazi isiyo na mwisho haina bei.

Tufanye hesabu ya mfano wa bei. Faili lina kurasa 240, na kwa mwandiko wa wodini ninasoma kwa makini kurasa 20 kwa saa, hizo ni saa 12. Jedwali la matukio linachukua saa 5, kutafuta na kusoma miongozo ya mwaka husika saa 3, kuandika ripoti saa 4. Jumla ni saa 24, na kwa shilingi 25,000 kwa saa bei inakuwa shilingi 600,000. Nusu inalipwa kabla ya kuanza, nusu kabla ya ripoti kukabidhiwa. Mlipaji anayefanya biashara atakata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani shilingi 30,000, na ni wajibu wako kudai cheti cha zuio hilo ili kiasi hicho kihesabiwe katika kodi yako ya mwaka. Wengi hukisahau cheti, kisha hulalamika kwamba wametozwa mara mbili. Jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, na leseni ya biashara huombwa Halmashauri ya Jiji. Ushauri wa kitaalamu haumo katika ule utaratibu mwepesi wa kodi ya makadirio wanaoutumia wenye maduka madogo, hivyo mhasibu wa kukuandalia hesabu ni gharama ya kuipanga mapema.

Nilipoanza sikudai malipo ya awali. Nilimkabidhi wakili mmoja ripoti kwa ahadi, na nusu ya fedha ikafika baada ya miezi saba, nusu nyingine sikuiona. Kosa lilikuwa langu kwa kiasi kikubwa, kwa sababu hapakuwa na mkataba ambao ningemwonyesha. Sasa mkataba wangu ni wa kurasa mbili: swali, idadi ya kurasa, tarehe, bei, bei ya kurasa zitakazoongezwa baadaye, nani anaruhusiwa kuiona ripoti, na kifungu kinachosema kwamba malipo hayategemei matokeo ya shauri.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachobishaniwa zaidi. Utaambiwa, kwa nia njema kabisa, kwamba familia haina kitu sasa lakini fidia ikipatikana utapata asilimia kumi. Ukikubali, umekuwa mdai mwenzao. Kila pengo katika faili litaanza kuonekana kubwa kuliko lilivyo, na hata kama macho yako hayatabadilika, hakuna hakimu atakayeamini kwamba hayajabadilika. Ni vivyo hivyo kwa kamisheni ya kuwapelekea mawakili wagonjwa kutoka wodini. Hiyo ni kazi ya dalali, na wakili anayeikubali naye anavunja maadili yake. Familia isiyo na uwezo ielekezwe kwenye msaada wa kisheria, au usome faili lao bure ukijua kwamba ni bure.

Siri inahitaji fedha kidogo na mazoea mengi. Nilinunua mashine yangu ndogo ya kuskani mapema kuliko kiti kizuri, baada ya kuona faili la mgonjwa likiskaniwa steshenari ya karibu na mahakama na nakala yake kubaki kwenye kompyuta ya duka, katikati ya vyeti vya kuzaliwa na wasifu wa waomba kazi. Kurasa hazitumwi kwa WhatsApp. Kabati lina kufuli, kompyuta ina nywila, na mwanangu hajui ninamsoma nani.

Wateja wanapatikana polepole, na hawapatikani kwa mabango. Nilichofanya ni kuandaa sampuli ya jedwali la matukio la mgonjwa wa kubuni, kurasa tatu, nikaipeleka kwa mawakili wachache. Mmoja aliniita baada ya miezi mitano, akiwa na shauri la ajali. Ripoti yangu ilisema kwamba madai yake makubwa hayakuwa na msingi katika faili, kwa kuwa maumivu ya mgongo yalikuwa yameandikwa kliniki mwaka mmoja kabla ya ajali. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaniuliza kama hilo lipo ukurasa gani. Nikamtajia. Madai ya mgongo aliyaondoa, akabaki na ya mguu, na tangu hapo hunitumia kazi.

Shauri linapokwisha, au linapokataliwa, karatasi halisi zinarudi kwa wenyewe kwa kusainiana: kadi ya kliniki ya mama, kadi ya mtoto, picha za mionzi. Nakala zangu huzitunza kwa muda ulioandikwa kwenye mkataba, kisha huzichana mwenyewe. Katika daftari la majina hubaki mstari mmoja wenye jina la mgonjwa, la kituo na la wahudumu, kwa ajili ya siku atakapokuja mtu mwingine na faili jingine.